Kiti cha Mama Ukumbini

Jumanne, 24 Machi

Naandika kwa sababu nasahau. Leo nimetia chumvi kwenye chai ya Mama badala ya sukari, naye kainywa yote, kikombe kimerudi kitupu. Nimejua nilipoionja yangu.

"Mama, mbona hukusema?"

"Nikwambie nini, mwanangu, na mikono yako yote miwili imejaa?"

Imejaa kweli. Nusrat ana miezi minane na jino halijatoka. Anatafuna kila anachokishika, hata bega langu.

Tuko kwa Mama, Kiponda, tangu Baba alipofariki mwezi wa Januari. Mama yuko edani. Hatoki, hajipambi, hatii udi wala mafuta mazuri, mpaka itimie miezi minne na siku kumi. Na harusi ya mdogo wangu Badria ni Ijumaa ya tarehe 24 Aprili, katikati ya eda. Siku hiyo aliipanga Baba mwenyewe na upande wa mume, kwa kuwa Msabah, bwana harusi, anafanya kazi melini na likizo yake ndiyo hiyo. Watu walisema isogezwe. Mama akasema neno la marehemu halisogezwi kwa ajili yake.

Kwa hivyo binti yake wa mwisho ataolewa na yeye hatakuwepo ukumbini. "Mtanihadithia," kasema leo, anachagua mchele kwenye ungo.

Nkamwambia, "Hatukuhadithii, Mama. Utaiona kwa macho yako."

Sijui limenitoka wapi. Lakini nshalisema, na Mama kalisikia. Mkono wake ulisimama juu ya mchele kidogo, halafu ukaendelea.

Alhamisi, 26 Machi

Mvua imeanza. Nusrat hakulala.

Jumamosi, 28 Machi

Kaja Shangazi Zuleikha, dada yake Baba. Harusi iko mikononi mwake, maana Mama hawezi kuishughulikia, na Badria atapambwa nyumbani kwake Mlandege. Shangazi akiingia nyumbani hata paka anajua kaingia.

Nimemwambia habari ya video. Simu ukumbini hazitumiki, zinakusanywa mlangoni tangu biharusi mmoja wa hapa mjini alipojikuta kwenye simu za wanaume wasiomhusu. Mle ndani wanawake wamevua mabuibui, nywele nje, mabega nje, wanacheza. Anayeruhusiwa kupiga ni mpiga video aliyekodiwa, naye awe mwanamke.

"Nshampata," kasema Shangazi. "Duka la Sabri, hapo hapo Mlandege. Harusi zote za maana anapiga yeye. Na arubuni nshatoa."

"Ana mpigaji wa kike?"

"Anae! Mie mtoto mdogo? Cha kwanza nlichouliza ndicho hicho."

Halafu kaniuliza ya nini haraka yote hii ya video. Nikamwambia ni ya Mama. Akashusha sauti, ambayo kwa Shangazi ni jambo zito. "Thuwaiba. Mwanamke yuko edani, wewe unataka kumtazamisha ngoma? Watu watasema kaburi la kaka yangu halijakauka."

Mama akajibu toka chumbani, kumbe anasikia: "Wifi, eda yangu naijua mie. Sitoki na sijipambi. Kufumba macho sikuamrishwa."

Shangazi kaenda zake bila kumaliza chai.

Jumatatu, 30 Machi

Leo ntaandika sana, maana nikilala nalo sitalala.

Shangazi alinituma dukani kwa Sabri nipeleke kipande cha kitambaa cha gauni la Badria, wapangie taa zao. Nikaenda na Nusrat mgongoni, mvua imetulia kidogo. Chini pana albamu na kioo kikubwa. Sabri mwenyewe ni mtu mstaarabu, kaniamkia vizuri, kamuulizia Mama, kamrehemu Baba. Akasema mpigaji kapanda juu, nipande nimpe mwenyewe.

Nikapanda. Mpigaji hakuwepo. Walikuwepo vijana wanne wa kiume mbele ya kompyuta mbili kubwa, mmoja ana sahani ya chipsi mapajani. Na kwenye kioo cha kompyuta kuna ukumbi wa harusi umejaa wanawake, wamevua mabuibui, wanacheza. Vijana wanapeleka mbele, wanarudisha nyuma. Mwenye chipsi kasema, "Hapo hapo, mwachie huyo wa kijani, anajua huyo." Wenzake wakacheka.

Huyo wa kijani namjua. Ni wa mtaani kwetu. Anafunika uso tangu mie niko skuli, na katika maisha yangu nimeuona uso wake labda mara tatu, ndani kwao, akiwa ananifundisha kusoma. Pale alikuwa anacheka, kichwa kakirusha nyuma, nywele mpaka kiunoni. Kijana kamsimamisha hivyo hivyo, mdomo wazi, akachovya chipsi kwenye ketchapu.

Nikashuka. Pole pole, kwa sababu ya mtoto.

"Sabri," nkamwambia, "wale wanafanya nini juu?"

"Wanaunga video, dada. Kukata, kuunga, kutia muziki."

"Si ulimwambia Shangazi mpigaji ni mwanamke?"

"Ndiyo. Mpigaji mwanamke mtupu. Ukumbini haingii dume hata kwa bahati mbaya." Kaona uso wangu. "Dada yangu, wale wako kazini. Hawamtazami mtu, wanatazama kazi."

"Wanatazama, Sabri. Nimewasikia."

Akaifunga albamu iliyo mbele yake. Halafu kasema kitu nimekibeba mpaka nyumbani, na nnaamini hakusema kwa ubaya. "Miaka tisa niko kwenye kazi hii. Kila mama akija hapo mlangoni ananiuliza nani anashika kamera. Hajapata kuja mmoja akaniuliza nani anaunga."

Na kweli. Tumeweka mlinzi mlangoni, tumekusanya simu, tumetafuta mwanamke wa kushika kamera, halafu tunaitia kadi nzima ya kamera kwenye mfuko na kuwapelekea wanaume Mlandege. Mji mzima. Na tunalipa.

Nimechukua kipande changu cha kitambaa nikarudi nacho.

Jumanne, 31 Machi

Nimemweleza Shangazi. Kapiga kofi mapaja. "Umemuona nani?"

"Simsemi."

"Mie shangazi yako!"

"Nikimsema, na mie ntakuwa nimemwonesha."

Kakasirika. Kasema mie nna usingizi wa mtoto, nimeota. Kasema arubuni hairudi, na wakwe wameshaambiwa ni duka la Sabri, na mie ni nani wa kupindua. Nikasema mie ni dada wa biharusi, na biharusi yule akivua buibui, atakayemuona ni yule tu aliyeruhusiwa. Ama video iungwe na mwanamke, ama isiwepo.

"Basi isiwepo," kasema. "Na Mama yako umemwahidi."

Hapo kanipata. Usiku wote Nusrat analia mie nnasikia neno hilo.

Alhamisi, 2 Aprili

Nimeuliza watu sita. Wapo wanawake wa kushika kamera. Wa kuunga hapana. "Kaunga kaka yangu," "kaunga mume wangu, mtu mwema." Mvua.

Ijumaa, 3 Aprili

Kaja Hamad, mume wangu. Yeye anatembeza wageni msitu wa Jozani, anawaonesha kima punju, na siku hizi za masika wageni ni wawili watatu na kima nao wamejikunyata juu ya miti hawataki kuoneshwa. Kamshika mtoto saa nzima. Nikaoga mpaka nikamaliza. Neema gani!

Nikamhadithia. Kafikiri. "Kizimkazi yupo msichana anaitwa Zeyana. Alikuwa akiwapiga wageni video kwenye boti za pomboo, jioni anawapa imeshaungwa. Anaunga mwenyewe. Nasikia sasa anapiga na harusi za kwao."

"Mwenyewe kabisa?"

"Hana wa kumuungia, labda pomboo."

Jumapili, 5 Aprili

Kizimkazi. Hamad kanipeleka kwa vespa, Nusrat katikati yetu kama sambusa.

Zeyana tumemkuta jikoni kwao, anasonga ugali. Msichana mwembamba, kakauka kwa jua, sauti ndogo. Kamera zake mbili anaziweka ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko, zimelala juu ya mchele mkavu. "Unyevu wa masika huu," kasema. "Mama kila siku ananiuliza lini tutaupika."

Nikamuuliza moja kwa moja: "Nani anaunga?"

Kanitazama kwa mara ya kwanza. "Mie. Chumbani kwangu, mlango nimefunga. Nikimaliza nakupa fleshi, mbele yako nafuta kwangu. Hutaki kuniuliza bei kwanza?"

"Bei baadaye."

"Basi na mie nna swali. Hiyo video nani atakayeitazama?"

Nikafungua mdomo nikasema biharusi, ukoo, halafu nikasema kweli. "Mama yangu. Yuko edani. Hawezi kuja."

Akaitoa sufuria motoni. Akakaa chini kwenye mbuzi ya kukunia nazi.

"Mama ni mrefu?"

"Mfupi. Kwa nini?"

"Harusini yeye hukaa wapi? Mbele?"

Sikuwa nimewahi kufikiri. Lakini nilijua. Mama hakai mbele hata akibembelezwa. Anakaa upande wa kushoto karibu na mlango, apate kuona nani anaingia na kavaa nini, na mtu akitafuta pahala pa kukaa yeye ndiye anayemwita.

"Basi kamera ndogo ntaiweka hapo," kasema Zeyana. "Juu ya kiti, kimo chake. Ile kubwa ntaishika mimi nikimfuata biharusi. Nyie mwekeeni kiti chake tu, asikikalie mtu."

Nililia njiani. Hamad kadhani ni upepo.

Jumatatu, 6 Aprili

Nimemuuliza Mama angependa khasa kuona nini. Kafikiri mpaka chai ikapoa.

"Uso wa Badria naujua. Nataka kuona nani kaja. Na muziki usiwe mwingi, nisikie watu."

Ijumaa, 10 Aprili

Paa linavuja juu ya ngazi. Ndoo mbili. Nusrat kaingia kwenye moja.

Jumanne, 14 Aprili

Shangazi hasemi na mie tangu nimwambie habari ya Zeyana. Anasema na Badria, mie nikiwa nimekaa hapo hapo: "Mwambie dada yako maua yameshaagizwa." Badria anageuka: "Dada, maua yameshaagizwa." Nami: "Mwambie Shangazi ahsante." Badria kasema akishaolewa atadai mshahara wa miezi yote.

Lakini usiku kaja kitandani kwangu, kama zamani. Kasema, "Dada, mie naogopa kuingia ule ukumbi Mama hayupo." Nkamwambia Mama atakuwepo upande wa kushoto, karibu na mlango. Nkamwonesha kwa mto na khanga kiti kitakaa vipi. Kalala hapo hapo, na Nusrat upande wa pili, na mie katikati sina pa kugeukia.

Jumapili, 19 Aprili

Mvua. Nusrat hakulala. Fizi nyekundu, jino hakuna.

Alhamisi, 23 Aprili

Zeyana kaja leo kwa kuhofia barabara kesho. Analala kwetu. Kaja na ndoo yake. Mama kamkaribisha, kamuuliza ukoo wake, kamuuliza mchele ule ni wa aina gani. Halafu Zeyana, kwa adabu kubwa, kamwomba Mama akae kwenye kiti. Kapima kwa shubiri kutoka sakafuni mpaka machoni mwa Mama. Mama kacheka. Toka Januari sijamsikia.

Mpango ni huu: Badria akishapambwa kwa Shangazi, kabla ya kwenda ukumbini, atapitishwa hapa mlangoni. Haingii, hakuna udi wala vigelegele. Mama atamuona dakika moja toka ndani. Hilo ndilo alilolikubali, na nimemwona anavyolingoja.

Jumamosi, 25 Aprili

Imepita. Niandike yote.

Jana mvua ilianza kabla ya alfajiri na haikupumua. Nikaha ilifungwa baada ya laasiri, wanaume walirudi kanzu zimewaganda. Magharibi mimi niko kwa Shangazi, Badria kashapambwa, hina mpaka viwikoni, kakaa kama taa. Kaja mtu wa gari kasema Darajani maji yamejaa, na njia ya kuingilia Kiponda maji yamefika kwenye ugoko. Shangazi katazama gauni, katazama dirisha. Kasema, na safari hii aliniambia mimi, si kwa kupitia Badria: "Thuwaiba, haipiti."

Badria kaanza kulia, mpambaji kaanza kumfokea kwa ajili ya wanja.

Nikaenda mwenyewe. Viatu mkononi, Nusrat mgongoni chini ya buibui. Kufika, mlango uko wazi kidogo, na Mama kasimama nyuma yake na nguo zake nyeupe za eda. Sijui kasimama hapo tangu lini. Kanichungulia mimi, kachungulia nyuma yangu.

"Haji?"

"Haji, Mama. Maji."

"Haya." Kanigeuza akaifunga upya khanga ya mtoto, akaikaza, kwa maana ilikuwa imelegea na mie sikujua. "Nenda. Utachelewa."

Nilikwenda mpaka ukumbini nimekunja ngumi. Nilikuwa nasema peke yangu njiani: ataiona, ataiona, ataiona.

Ukumbini Shangazi kashatangulia, kakaa mlangoni na tenga la simu. Na mbele yake kasimama msichana na kamera kubwa begani, shingoni kitambulisho cha duka la Sabri.

Nikamtazama Shangazi. Hakunitazama. Kumbe watu wa Sabri hakuwakatalia.

"Arubuni imeshaliwa," kasema. "Mmoja wako apige, mmoja wangu apige. Pana ubaya gani? Wakwe hawa hapa wanatutazama, usinitie aibu."

Wakwe walikuwepo kweli, shangazi zake Msabah watatu, wameshavua mabuibui, dhahabu tupu, mabega wazi. Mmoja kasema, "Jamani, tunafungiwa mlango kwa ajili ya kamera?"

Nusrat kaanza kulia. Nilikuwa nimelowa mpaka ndani. Nilitaka kukaa chini hapo hapo sakafuni. Lakini nikasema, sikupiga kelele, "Shangazi, siwezi. Huyu hapiti. Na kama wewe hutaki kuniamini mie, muulize yeye. Swali moja tu. Nani anaunga?"

Shangazi kamgeukia msichana, nadhani ili aninyamazishe.

"Mwanangu. Hizi picha ukishapiga, nani anaziunga?"

"Wanaunga kina kaka, dukani." Kajibu bila hofu, maskini, hakuna aliyemwambia ni siri.

"Wewe huungi?"

"Sijafundishwa, Bi."

"Kina kaka wangapi?"

"Wanne. Na marafiki zao wakija kupiga soga, sita, saba."

Yule shangazi wa Msabah aliyelalamika kaivuta khanga ya mwenzake akajifunika mabega, na mwenzake kaivuta kuirudisha.

Shangazi Zuleikha uso ulimbadilika, nikajua anahesabu harusi alizokwenda. Halafu kanyanyuka, kalinyanyua tenga la simu kwa mikono miwili.

"Mwanangu," kamwambia msichana, kwa upole mkubwa, "wewe ni mgeni wetu. Kamera tia humu. Wewe nenda kule kwenye biriani, ule ushibe. Na atakayepita hapa na kitu kingine chenye jicho, atanipita mie maiti."

Kaifunika kamera kwa khanga yake mwenyewe, akakaa mbele ya tenga, na hakuondoka hapo mpaka mwisho. Kamnyang'anya simu hata mama yake Msabah, aliyekuwa kaificha kwenye titi.

Kiti cha Mama kilikuwa kushoto karibu na mlango, kama tulivyosema, na kamera ndogo juu yake. Watu wakiingia wanauliza, hiki cha nani? Mtu mmoja kajibu, cha Bi Mwanakheir, yuko edani, atatuona baadaye. Basi mtu kainama mbele ya kiti kasema, "Shikamoo, Bi Mwanakheir." Akafuata mwingine. Wakawa wanapanga mstari! Mwanamke mmoja kakionesha kiti mjukuu wake mpya, kamgeuza mbele na nyuma.

Badria kaingia. Kabla ya kwenda kwenye jukwaa kageuka kushoto. Kakitazama kile kiti, akateremsha kichwa kama anavyoteremsha nyumbani akitaka Mama amshike. Vigelegele vilikatika, vikaanza upya.

Mengine sikuyaona. Nilikuwa natafuta sahani, natafuta pini, nanyonyesha stoo, nawatafutia watu viatu vyao.

Jumatano, 29 Aprili

Zeyana kaleta habari: Kizimkazi umeme hakuna tangu Jumapili. Mama haulizi. Lakini leo kafuta vumbi kwenye ile meza mbele ya kitanda chake, kaiondoa mitungi yote, na hakusema ya nini.

Jumatatu, 4 Mei

Umeme umerudi Kizimkazi, umekatika huku.

Jumapili, 10 Mei

Mvua. Nusrat hakulala. Shangazi kaja na mkate wa kumimina, kaniuliza mimi mwenyewe: "Yule mtoto wa Kizimkazi anaendeleaje?" Halafu kasema, kama anayesema habari za hewa, kwamba kazunguka kwa mashoga zake kumi na kitu, na kila mmoja kamfundisha kuuliza nani anaunga. Na Sabri kaambiwa na kina mama wa mji mzima. Nasikia anatafuta wasichana wa kufundisha kuunga, na chumba cha juu kapiga pazia.

Nikamwambia ahsante, Shangazi. Kasema, "Ahsante ya nini? Na wewe una kichwa kigumu kama marehemu," akaondoka haraka.

Jumatano, 13 Mei

Leo.

Zeyana kaja asubuhi na ndoo yake, ndani mna laptopu juu ya mchele. Chumbani kwa Mama tulikuwa sisi tu: Mama kitandani, Shangazi pembeni yake, Badria chini, Zeyana, mie mlangoni namtikisa Nusrat.

Video ilianza na sauti za viatu na mvua na mtu anasema "we, usinikanyage." Muziki mbali. Zeyana kaunga yote toka kile kiti, na pale tu Badria alipokuwa mbali ndipo anamsogeza karibu kwa ile kamera nyengine. Mama alisogea mbele. Anawaita kwa majina. "Huyu kumbe kapona mguu. Na huyu kaja! Toka Tumbatu, na mvua ile." Wakimwamkia, anajibu. "Marahaba. Marahaba, mwanangu." Kila mmoja, hakumruka hata mmoja. Yule mtoto mchanga kamwambia mashallah mbele na nyuma.

Badria alipoteremsha kichwa, Mama kanyoosha mkono akaushusha juu ya kichwa cha Badria aliyekaa pale chini, bila kuondoa macho kwenye video.

Halafu kwenye video ukumbi umekwisha kuwa mtupu kidogo, na katokea Shangazi, na tenga lake. Kakaa kwenye kiti cha jirani. Hakujua kama kamera inakwenda. Kavua viatu. Kasema, "Wifi. Kaka angefurahi leo. Angejifanya hafurahi, angeuliza biriani imetosha." Halafu kalia kwa khanga mdomoni.

"Futa hapo," kasema Shangazi kwa ukali.

"Usifute," kasema Mama, akamshika mkono.

Nikadhani imekwisha. Zeyana kanyoosha mkono kufunga. Mama kasema, "Rudisha."

"Wapi, Bi?"

"Rudisha tu. Zaidi. Hapo. Wacha."

Pale hapana biharusi. Watu wote wametazama jukwaani, migongo yao. Na mbele, karibu na kiti, nimo mie. Nimeegemea nguzo, viatu vya watu mkononi, Nusrat mgongoni, macho nimefumba. Nimelala wima. Halafu mtu ananiita, nafumbua, natabasamu, naondoka.

"Rudisha tena," kasema Mama. Na Zeyana akarudisha, na kumbe mimi nimo kila pahala. Napita na sahani. Napita na mtoto. Napita na pini mdomoni. Toka kile kiti, hakuna mtu anayepita mbele ya macho mara nyingi kuliko mimi.

Nikacheka, nikasema, "Mama, mimi sikuwa wa kuonekana. Zeyana angenikata."

"Sikukata kitu," kasema Zeyana kwa ile sauti yake ndogo. "Uliniambia Mama anataka kuona nani kaja."

Mama kageuka akanitazama mimi mwenyewe, si ile ya kwenye video. Kanitazama kama mtu aliyekuwa safarini. "Nna watoto wawili," kasema. "Tangu Januari nakaa humu namfikiria mmoja atakayekwenda. Huyu mwengine ananipikia chai ya chumvi, simwoni."

Akanyoosha mikono. "Mlete huyo."

"Mama, atakusumbua, analia tu, jino..."

"Thuwaiba. Mlete."

Nikampa. Mama kamtia kidole mdomoni, katulia, kasikiliza kwa kidole. "Limeshatoka," kasema. "La chini. Wewe hukulihisi kwa usingizi." Kisha kasema na mimi kwa sauti ile ya zamani, ya kabla ya Januari, ambayo mtu hajibizani nayo: "Kalale. Na mlango ufunge."

Alhamisi, 14 Mei

Mvua. Nusrat kalala kwa bibi yake. Na mie nimelala.